Kabla hamjaweka jiwe la msingi jingine: barua ya wazi ya fundi mstaafu wa chuo

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Kwa Makamu Mkuu wa Chuo na Menejimenti yote,
Na kwa wakubwa wetu wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi. Niliingia Kitengo cha Milki cha chuo chetu, kinachotunza majengo, mwanzoni mwa 2014, nikastaafu mwishoni mwa 2024. Jina la chuo sitaliandika hapa. Nyinyi mnakijua, na sikukusudia kumwaibisha mtu. Isitoshe, nimekaa na mafundi wenzangu wa vyuo vingine vidogo, tumesimuliana, na habari zao na zetu ni pacha. Kila atakayesoma akaona barua hii inamhusu, basi na imfikie na yeye.

Siku naripoti kazini, chuo kilikuwa bado kinaishi ndani ya majengo ya chuo cha ualimu tuliyoyarithi: madarasa ya bati yaliyokaa kwa safu, bwalo, nyumba chache za walimu, na mijohoro iliyopandwa na wanachuo wa enzi hizo. Siku naaga, niliamua kutembea taratibu kutoka getini mpaka uwanja wa mpira nikihesabu. Jengo la utawala la ghorofa mbili. Maktaba. Kumbi mbili za mihadhara. Maabara ya sayansi. Mabweni mawili ya ghorofa. Zahanati. Na jengo jipya la madarasa la ghorofa nne ambalo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Yote hayo yameinuka katika miaka 11, na mengi nimeyaona tangu watu wa vipimo wanachomeka vigingi vya miti ardhini.

Nasema kwa moyo mweupe, ni kazi kubwa mliyoifanya. Binti wa mdogo wangu amesomea humo, amepata shahada yake bila kupanda basi kwenda Dar es Salaam, na kwa familia kama yetu hilo lilikuwa ndilo la kuamua asome au asisome. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee huyu anapinga ujenzi.

Wala kuanzia kwenye majengo ya kurithi si aibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Haikutimia hata miaka 10. Ukumbi wa Nkrumah uliojengwa kule tuliutembeza mfukoni miaka mingi, maana picha yake ilikuwa kwenye noti ya shilingi 500, kabla noti hiyo haijaondolewa kwenye mzunguko 2025. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianza 2005 kwenye majengo ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, na mwaka huohuo chuo cha ualimu cha Chang'ombe kikageuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE). Dodoma nako, 2007, walianzia kwenye ukumbi wa Chimwaga. Vyuo vyetu vingi vimezaliwa hivyo, kwa kuhamia nyumba ya mwingine.

Lakini kuna kitu tulichokirithi pamoja na kuta zile, na hicho tumekipoteza. Chuo cha ualimu kilikuwa na stoo. Stoo ilikuwa na fundi, fundi alikuwa na ngazi, misumeno, bati za akiba na kopo la rangi ya aina ileile iliyopakwa ukutani. Ijumaa jioni wanachuo walikuwa na kazi za mikono, wanafagia mitaro, wanapaka chokaa mawe ya njiani, wanamwagilia miti. Ndiyo maana madarasa yale ya kizamani hadi leo hayavuji, na wahadhiri bado wanayagombea wakati wa joto.

Ombi langu ni moja, nalisema mapema ili msilitafute. Msiweke jiwe la msingi jingine mpaka kila jengo lililosimama liwe na fungu lake la matunzo kwenye bajeti, limeandikwa kwa jina la jengo hilo, na liwe na mtu anayejulikana wa kuulizwa.

Nieleze nimelitoa wapi.

Masika ya 2021, Jumapili, mlinzi alinipigia simu alfajiri. "Mzee, maktaba inanyesha ndani." Nilikwenda na kandambili zangu. Nikakuta maji yanashuka juu ya rafu za vitabu vya elimu na sheria, dari la jipsamu limefanya tumbo, na nikiwa palepale mlangoni likapasuka. Mkutubi wetu, mama mtu mzima, alikuwa amesimama juu ya kiti anatoa vitabu viwili viwili, anampa mwanafunzi, mwanafunzi anampa mwenzake, hivyo hivyo mpaka barazani. Walikuwa wanafunzi kama ishirini. Hakuna aliyewaita; walisikia kelele wakatoka bwenini kama walivyo, wengine na kanga, wengine vifua wazi. Vitabu vilivyolowa tulivianika ukumbini siku tatu, vimefunuliwa kama ng'onda, na mama yule alikuwa anapita akigeuza kurasa moja moja zisigandane. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa amevinunua vingi kati ya vitabu vile kwa kuandika barua za kuomba, mwaka baada ya mwaka.

Mvua ilipopungua nilipanda juu. Maktaba yetu ni jengo la kuficha bati: paa limezungushiwa ukuta, maji yanakusanyika kwenye mfereji wa zege na kushuka kwa bomba nne. Bomba tatu zilikuwa zimeziba. Majani ya mjohoro, mfuko wa plastiki, kiota cha ndege. Maji yalipokosa pa kwenda yakapanda juu ya mfereji, yakaingia chini ya bati, yakatafuta dari. Nilizizibua zote kwa mkono na mpini wa fagio. Ilinichukua saa moja na nusu.

Mwaka mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika dokezo mara tatu kuomba ngazi ndefu ya alumini, kwa sababu ile ya mbao ilikuwa haifiki paa la maktaba. Dokezo la kwanza lilirudi na maneno kwamba fungu limekwisha. Mengine mawili hayakurudi. Siku hiyo nilipanda kwa ngazi niliyoazima kwa vijana wa mkandarasi, waliokuwa wanafunga nondo za jengo jingine mita mia moja kutoka pale.

Waheshimiwa, naomba mlitazame hilo kwa utulivu. Siku moja, kiwanja kimoja: hapa zege linamwagwa, pale vitabu vinalowa kwa kukosa ngazi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jengo linazaliwa kwenye bajeti ya maendeleo, na huko lina mfadhili, lina mkandarasi, lina mshauri elekezi, lina vikao vya kila mwezi. Likishakabidhiwa linahamia fungu la matumizi mengineyo, yaani ya uendeshaji wa kila siku, na huko linakuta foleni ndefu: umeme, ulinzi, mafuta ya magari, gharama za mitihani. Mwaka wa kwanza hatuoni taabu, maana kipindi cha matazamio hakijaisha na mkandarasi akiitwa anarudi kurekebisha. Mwaka wa pili tunabaki wenyewe. Tena hata huo mwaka wa kwanza hatuutumii. Nimeshuhudia majengo mawili kipindi chake cha matazamio kikipita bila mtu kupanda paa wala kufungua chemba kukagua, halafu miezi miwili baadaye ndipo tunaanza kumtafuta mkandarasi kwa simu.

Kuna suala la udongo pia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Upande wa mashariki wa eneo letu ni udongo wa mbuga, ule mweusi, masika unanata kwenye mabuti mpaka unatembea kama umefungwa mawe, kiangazi unapasuka mguu wa mtoto unaingia. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea, na kila msimu unanyanyua msingi na kuushusha. Wahandisi wanalijua hilo, ndiyo maana waliuchimba wakautoa na kujaza changarawe kabla ya kujenga maabara. Walifanya vizuri. Kilichokuja kuiponza maabara ni bomba la kushushia maji ya paa. Kiwiko cha chini kilivunjika, maji yakawa yanamwagika palepale kwenye kona ya ukuta. Upande mmoja wa msingi ukawa unalowa, mwingine mkavu, na ukuta ukawa unavutwa huku na huku. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda kwa vidato ukifuata maungio ya matofali. Nimeuziba mara nne kwa plasta. Mara zote nne nilijua kwamba utarudi, kwa sababu nilikuwa napewa plasta na rangi, sipewi bomba wala saruji ya kumwaga sakafu ya nje kuzunguka jengo ili maji yakae mbali na msingi. Kiwiko kile kinauzwa duka lolote la vifaa pale stendi.

Watunza majengo wa nchi nyingi wana kipimo walichozoea: kila mwaka zitengwe fedha za matunzo kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kulijenga jengo hilo upya kwa bei ya leo. Kwa jengo la shilingi bilioni 5, hiyo ni kati ya milioni 100 na milioni 200 kwa mwaka. Najua mtashtuka, na najua hazipo zote. Lakini hata tukianza na nusu ya asilimia 1, yaani milioni 25 kwa jengo la namna hiyo, maktaba ingekuwa na ngazi, bomba zingezibuliwa kila kabla ya masika, dari lisingepasuka. Mimi sijawahi kuona hata kipengele chenye jina la maktaba. Nilichokuwa naona ni mstari mmoja, "ukarabati mdogo mdogo", wa chuo kizima, na mstari huo ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Sasa niseme la binti mmoja. Alikuwa mwaka wa tatu, anasomea ualimu, anatumia kiti cha magurudumu. Jengo jipya la madarasa lilijengwa na njia ya mteremko kama Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inavyotaka, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi aliisifia mbele ya watu. Njia ile ni nzuri kweli, ina reli pande zote mbili. Lakini kati ya barabara na mwanzo wa mteremko kuna mtaro wa maji ya mvua, na mtaro ule haukuwekewa mfuniko. Kwenye mchoro wa jengo mtaro haumo, kwa sababu ni wa barabara. Kwenye mchoro wa barabara mteremko haumo, kwa sababu ni wa jengo. Kwa hiyo kila asubuhi wavulana wa darasa lake walikuwa wanambeba yeye, kisha wanarudi kubeba kiti. Siku moja nilisimama pale na toroli langu akaniambia, "Mzee wangu, hawa kaka zangu ni wazuri, ila mimi sipendi kubebwa."

Nilimwaga mfuniko wa zege kwa saruji iliyobaki kwenye mfuko na vipande vya nondo nilivyookota. Mita moja kwa nusu mita hivi. Niliumwagilia siku saba, nikauweka. Asubuhi yake nilijibanza pembeni nimwone. Alifika, akasimama, akatazama chini, akavuka. Akafika juu ya mteremko, akageuza kiti, akabaki pale anaitazama njia aliyopita.

Muhula mzima alikuwa amebebwa kwa sababu ya kipande cha zege kisichozidi thamani ya chakula cha kikao kimoja.

Ndiyo maana nasema jengo haliishii ukutani. Kati ya jengo na jengo nako ni chuo. Wanafunzi wetu wameshajichorea njia kwenye majani kutoka bwenini kwenda maktaba, njia iliyonyooka, imekanyagwa mpaka imekuwa nyeupe. Sisi tukaenda kumwaga vitofali mahali pengine ambapo hapiti mtu. Mijohoro sita ilikatwa kupisha jengo la utawala, na haikupandwa hata mmoja badala yake. Mchana wa jua kali utawaona watoto wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa zahanati wakijisomea wima. Viti vya kukaa nje havimo kwenye mkataba wowote niliowahi kuuona.

Mabweni sitayasema sana, mnayajua. Chumba cha wanne kinalala sita, saba, kwa kubebana, na hao wawili watatu wa ziada hawamo kwenye hesabu ya aliyepima ukubwa wa shimo la majitaka. Shimo linajaa kabla ya wakati, chemba zinafurika, tunaita gari la kunyonya. Kila mwaka. Kama kubebana kutaendelea, na kutaendelea kwa sababu vyumba vya mtaani ni ghali, basi shimo lipimwe kwa watu waliopo.

Wakubwa wetu wa Wizara, hapa nageukia kwenu. Tangu 2021 nchi yetu inatekeleza mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na majengo ya vyuo yanainuka hadi Kagera, Lindi, Kigoma na Katavi. Nimefurahi mno. Wajukuu zetu watasomea nyumbani. Naomba tu mkumbuke kwamba fedha hizo ni za kujenga na kuweka vifaa, na mradi una siku yake ya mwisho, ila mvua haina. Kila kampasi inayofunguliwa ianze na fundi wake wa kuajiriwa, stoo yake na ngazi yake. Mkiweka sharti hilo sasa, wakati mikataba bado iko mezani, litatekelezwa. Mkisubiri majengo yakabidhiwe, atakuja kuandika barua kama hii kijana ambaye leo ndiyo kwanza anajifunza kushika mwiko.

Na jambo la makabidhiano lenyewe. Tumezoea kukabidhiwa funguo. Tukabidhiwe na jengo lenyewe kwenye karatasi: michoro ya jinsi lilivyojengwa hasa, siyo jinsi lilivyopangwa, bomba zinapita wapi chini ya sakafu, namba ya rangi, dhamana ya bati, valvu iko wapi. Mnakumbuka mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Desemba ya mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa mitandaoni, watu wakahamaki, na Wakala wa Majengo walioyajenga wakaeleza kwamba pale pana maungio yaliyoachwa makusudi ili jengo lipate nafasi ya kutanuka. Mimi sikuwepo na sina la kuamua. Nilichojifunza ni kwamba wanaolala ndani ya jengo na wanaolifagia hawaonyeshwi jinsi lilivyoungwa, kwa hiyo hawawezi kujua lipi la kuogopa na lipi la kuacha. Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Majengo yote niliyoyataja, michoro kamili niliyowahi kuiona ni ya mawili. Mengine niliyajua kwa kuchimba.

Mtaniambia fedha hakuna. Nakubali ni chache. Lakini kila uzinduzi niliouona katika miaka 11 ulikuwa na mahema, muziki, fulana zilizochapishwa na chakula cha wageni, na hizo fedha zilipatikana, zilipatikana haraka. Anzeni hapo. Anzeni na jengo moja tu, maktaba, mwaka huu wa fedha. Fungu lake liwe dogo, lakini liwe na jina na lisiguswe. Mumwite mkutubi kwenye kikao aseme anataka nini kwanza. Mkaguzi wa ndani apande paa pamoja na fundi mwezi Februari, waandike walichokiona. Mwakani muongeze maabara.

Mimi nimeshatoka. Kijana aliyenipokea ni mwema na ana mikono, lakini yuko peke yake kama nilivyokuwa mimi. Nimemwachia kauntabuku ya kwaya tatu, nimeandika ndani kila nilichokijua, na naomba nakala yake ichapwe ikae ofisini kwa Makamu Mkuu. Humo mtakuta kwamba valvu kuu ya bweni la wasichana iko chini ya mjohoro wa pili kutoka jikoni, hatua nane kuelekea bwaloni, nimeweka tofali jekundu juu yake. Chemba ya nyuma ya zahanati isifunguliwe na mtu mmoja, mfuniko wake una ufa. Bomba la maktaba linaloziba kwanza ni lile la kona ya kaskazini, lizibuliwe kabla ya katikati ya Machi. Mfuniko wa mtaro kwenye mteremko wa jengo jipya niliufanya kwa nondo za kuokota, hautadumu, uwekwe mwingine wa vipimo. Na ngazi iombwe tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu, Kitengo cha Milki